DAMU YA MACHINJIO NI MALI, ISIENDE MTONI

Sisi wa Kilimanjaro tunajua kwamba damu ni chakula. Mbuzi akichinjwa nyumbani, damu haimwagwi. Tunapika kisusio. Lakini machinjioni mara nyingi damu huanguka sakafuni, sakafu inaoshwa, na maji mekundu yanaishia mferejini.

Hiyo ni hasara. Damu ina protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika kilo 100 za damu, kama kilo 17 ni protini. Nyama yenyewe haizidi hapo sana.

Tena ni hatari. Damu ikiingia mtoni, vijidudu huila, na wakiila wanamaliza hewa iliyomo majini. Samaki wanakufa, maji yananuka. Maji ya mito ya Karanga na Rau, inayopita Moshi, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, na wenzetu wanavua samaki huko.

Je, damu iliyokwisha changanyika na maji inaweza kutolewa? Ndiyo, lakini si kwa kitambaa. Chuja chai yenye sukari: majani yanabaki, sukari inapita. Protini nayo imeyeyuka vivyo hivyo.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Peterson na Sober, walieleza namna ya kutumia nyuzi za mimea, kama za pamba, zilizotiwa dawa. Nyuzi hizo huvuta protini kama sumaku inavyovuta msumari. Zikioshwa kwa maji ya chumvi, protini inaachia, na nyuzi zinatumika tena. Wao walifanya hivyo katika maabara. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwenye maji machafu ya machinjio.

Lakini kazi hiyo inataka mitambo na wataalamu. Sisi tuanze na lililo rahisi: tukinge damu kabla haijachanganyika na maji.

1. Kinga damu kwa ndoo safi. Iwe ya mnyama aliyepimwa na afisa mifugo. Mnyama aliyejifia usimguse, huenda ana kimeta.

2. Chemsha huku unakoroga, mpaka igande yote. Iache ichemke nusu saa.

3. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha isage.

4. Changanya na chakula cha kuku. Katika kilo 100 za chakula, unga wa damu usizidi kilo 5. Ng'ombe na mbuzi usiwape.

Basi, wenye mabucha na wafuga kuku tukae pamoja tupange. Ndoo tunazo, na jua tunalo.