Soya Baada ya Hedhi Kukoma: Ni Chakula, Si Dawa

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla na kukosa usingizi ndiyo mambo yanayozungumzwa zaidi. Mengine hayaonekani: homoni ya estrojeni inapopungua, mafuta hukusanyika tumboni, kolesteroli mbaya huongezeka kwenye damu na shinikizo la damu hupanda. Hatari ya kupata kisukari nayo huongezeka.

Ndiyo maana akina mama wengi huuliza kuhusu soya. Gramu 100 za soya kavu zina takriban gramu 36 za protini, zaidi ya maharagwe ya kawaida. Soya pia ina isoflavoni, viambato vinavyofanana na estrojeni lakini vyenye nguvu ndogo sana. Tafiti nyingi zikijumlishwa, gramu 25 hivi za protini ya soya kwa siku hupunguza kolesteroli mbaya kwa asilimia 3 hadi 4. Hicho ni kiasi kidogo, na kuhusu sukari ya damu matokeo yanatofautiana.

Kwa hivyo manufaa makubwa yanategemea kile ambacho soya inaondoa kwenye sahani. Ikichukua nafasi ya nyama yenye mafuta, inasaidia. Uji wa soya uliojazwa sukari hausaidii.

Soya isipikwe kwa haraka. Iloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uichemshe hadi ilainike kabisa, kwa kuwa soya mbichi huzuia protini kusagwa vizuri tumboni. Unga wa soya nao uive vizuri. Ukinunua vipande vya soya vya pakiti, angalia kiwango cha chumvi, hasa vilivyotiwa viungo.

Mama anayetumia dawa za kisukari au shinikizo asiziache kwa sababu ameanza kula soya, hata anayemuuzia unga akimhakikishia kwamba utamponya. Anayetumia dawa ya tezi ya thairoidi amuulize daktari apishanishe saa ngapi, kwani soya huweza kuzuia dawa hiyo kufyonzwa mwilini.

Kabla ya kubadilisha chakula, pimwa shinikizo, sukari na kolesteroli katika kituo cha afya kilicho karibu. Shinikizo na sukari pia vinaweza kupimwa nyumbani na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako.