Ukilenga kushoto, mpira unazidi kwenda kulia

Mchezaji wa gofu wa mkono wa kulia yuko kwenye tii ya kwanza, na miti imepanga mstari upande wake wa kulia. Anapiga kwa draiva. Mpira unaondoka vizuri, pengine ukielekea kushoto kidogo, halafu unapinda na kuzama mitini. Hiyo ndiyo slaisi. Kwenye shimo linalofuata anageuza miguu na mabega kushoto ili mpira upate nafasi ya kupinda, nao unapinda kuliko ule wa kwanza.

Nimewaona wengi wakikata tamaa hapo, na inaniuma, kwa kuwa bidii wanayo. Dawa waliyojipa ndiyo inayolisha ugonjwa.

Fimbo na mpira hugusana kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Katika muda huo mambo mawili huamua karibu kila kitu: uso wa fimbo unatazama wapi, na fimbo yenyewe inapita njia gani. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, kisha humalizia kule uso ulikotazama. Rada za kufuatilia mpira, kama zile za TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003, ziliwaonyesha walimu wengi kwamba mambo ni kinyume. Mpira huanza karibu na kule uso unakotazama. Kupinda kunatokana na pengo kati ya uso na njia.

Tupige hesabu. Njia ya fimbo inakwenda kushoto kwa nyuzi 6, uso unatazama kushoto kwa nyuzi 2. Mpira utaanza kushoto kidogo, lakini pengo la nyuzi 4 linauzungusha kwa kuinamia kulia, na hewa inausukuma huko huko. Sasa mchezaji anageuza mabega. Njia inayafuata hadi nyuzi 10, ilhali mikono bado inaitafuta bendera na uso unabaki kwenye 2. Pengo limekuwa nyuzi 8, mara mbili ya lile la mwanzo.

Kwa hiyo rekebisha uso kwanza, na uso unatawaliwa na mshiko. Hapa kitabu maarufu kimewapoteza wengi bila kukusudia. Mchezaji gofu Ben Hogan, katika kitabu chake Five Lessons cha mwaka 1957, alifundisha mshiko ambao mikono imegeukia kushoto kiasi. Yeye alikuwa na sababu: miaka yake ya mwanzo aliteswa na mpira unaopindia kushoto. Mwenye slaisi akiuiga mshiko huo anameza dawa ya mgonjwa mwingine.

Shika fimbo, kisha tazama mkono wako wa kushoto. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, geuza mkono kuelekea kulia hadi uone viwili au vitatu. Wa kulia nao ugeuke, ile V ya gumba na kidole cha shahada ielekee bega la kulia. Utahisi fimbo imekuwa ngeni mkononi. Vumilia. Mipira ya kwanza huenda ikatoka kushoto na kubaki kushoto; usiogope, maana pengo limezibika na sasa kosa lililobaki ni la njia.

Njia huharibika pale bega la kulia linapotangulia mbele wakati wa kushusha fimbo. Weka boksi tupu la mipira nje kidogo ya mpira, nyuma yake kwa shubiri moja, halafu piga kwa nusu ya nguvu. Fimbo ikitokea nje, italigonga boksi.

Wengi husema fimbo za chuma wanazipiga sawa, draiva ndiyo inayowatesa. Swingi ni ile ile. Chuma namba 7 ina uso ulioinama sana, mpira unazunguka kurudi nyuma kwa wingi na kupinda kunajificha. Mwinuko nao huficha: Muthaiga, Nairobi, hewa ni nyepesi na mpira hupinda kidogo kuliko Nyali, Mombasa, ambako hewa ni nzito. Aliyedhani amepona bara asishangae slaisi ikimpokea pwani.

Kama baada ya yote haya mpira bado unapinda, paka poda ya mtoto kwenye uso wa draiva, piga, uangalie alama. Ikiwa upande wa kisigino, karibu na mpini, kichwa cha fimbo kilijipinda kwenye mguso na kuutia mpira mzunguko wa kulia, hata kama uso na njia vilikubaliana. Rudi nyuma kwa upana wa kidole kimoja, paka poda upya, piga tena.