Je, Wajua? Talaka Aliyoibuni Mke Mwenyewe

Je, wajua kwamba mwaka 1826, huko Prussia, mke alimshauri mumewe amwache ili aende Uingereza kuoa mwanamke tajiri, kisha arudi na mali hiyo nyumbani? Mume alikuwa Prinsi Hermann von Pückler-Muskau. Mke alikuwa Lucie, binti wa Karl August von Hardenberg, chansela wa Prussia. Hawakuwa na ugomvi wowote. Walikuwa wamefilisika.

Kilichowafilisi ni bustani. Hermann alizaliwa mwaka 1785 katika kasri la Muskau, kando ya mto Neisse, na baba yake alipofariki mwaka 1811 akarithi kasri na ardhi yote iliyolizunguka. Akaamua kuigeuza ardhi hiyo iwe mandhari moja kubwa kama zile alizoziona Uingereza. Alinunua mashamba ya jirani, akachimba mkondo mpya wa maji kutoka mtoni, akang'oa miti mikubwa iliyokomaa na kuipanda upya pale alipotaka kivuli. Kungoja miche ikue kulimshinda. Mwaka 1817 alimwoa Lucie, aliyemzidi umri kwa miaka tisa na aliyekuwa ameshaolewa na kuachika, na kumbe bibi harusi naye aliipenda bustani kama bwana harusi. Fedha zake nazo zikaishia humo humo.

Uprinsi wenyewe Hermann hakuzaliwa nao. Alitunukiwa na mfalme wa Prussia mwaka 1822, na cheo hakikulipa hata deni moja.

Basi talaka ikatoka, na Septemba 1826 akafunga safari. Alizunguka Uingereza hadi mwanzoni mwa 1829, akihudhuria dansi, mbio za farasi na karamu za wakubwa, huku akipima mali ya kila binti aliyetambulishwa kwake. Hakufanikiwa. Magazeti ya London yalikuwa yameshaipata habari yake, na wazazi wa mabinti walijua kilichomleta. Isitoshe, mtalaka wake alikuwa hai, tena bado akiishi kwenye kasri lake, na jambo hilo liliwatia shaka Waingereza wa enzi ile. Charles Dickens alipomchora mgeni mmoja mwenye majivuno katika riwaya yake kuhusu Bwana Pickwick, Count Smorltork, wahakiki wengi walimwona Pückler ndani yake.

Lakini usiku, akirudi chumbani, alikaa kumwandikia Lucie. Alimweleza kila kitu: chakula, mavazi, bustani alizozitembelea, hata wanawake aliojaribu kuwachumbia. Hermann alimwita Lucie Schnucke, jina la kondoo wadogo wa nyika za kaskazini mwa Ujerumani, naye Lucie akamwita Lou. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sidhani kuna mtu wa nje aliyewahi kuielewa ndoa hii sawasawa. Hermann aliporudi mikono mitupu, Lucie alizikusanya barua zile. Zilichapishwa kuanzia mwaka 1830 bila jina la mwandishi, kana kwamba ni barua za marehemu. Watu walizigombania, mshairi Goethe akazisifu, na Uingereza ikazisoma kwa tafsiri ya Sarah Austin. Fedha alizozikosa kwa uchumba zikaanza kuingia kwa kalamu, na aliyezipokea barua hizo ndiye aliyekuwa mke wa kwanza na wa mwisho.

Wajerumani wengi leo wanalifahamu jina la Pückler kwa aiskrimu ya tabaka tatu. Haikubuniwa naye. Mpishi wa mfalme, Louis Ferdinand Jungius, ndiye aliyeitengeneza na kuipa jina la prinsi mwaka 1839.

Je, wajua kwamba binti wa Kioromo kutoka Uhabeshi amezikwa katika mji wa Muskau? Hapa ndipo hadithi hii inaponiuma. Mwaka 1837, katika safari zake za Misri na Sudan, Pückler alimnunua msichana aliyeitwa Machbuba. Binti alikuwa na miaka kumi na kitu tu, mnunuzi ameshapita 50. Wasomaji wa pwani yetu wanaijua biashara hiyo: miaka ile ile, nyumba ya sultani Seyyid Said kule Unguja ilikuwa na masuria wa Kihabeshi waliotolewa kwao kwa njia zilizofanana na hiyo. Prinsi alizunguka naye Syria, Lebanon na Uturuki kabla ya kurudi Ulaya, wakizungumza kwa Kiitaliano, lugha aliyojifunza binti ili aelewane naye. Pückler aliandika kwamba alimpenda, na waandishi wengi baada yake wameiita habari hii mapenzi. Mimi siwezi. Aliyeuzwa sokoni hana nafasi ya kukataa.

Lucie, aliyekubali mumewe aoe tajiri wa Kiingereza, hakukubali hili. Alimtaka binti asifikishwe Muskau. Hata hivyo mwaka 1840 alifikishwa, akiwa tayari ameshikwa na kifua kikuu, na tarehe 27 Oktoba mwaka huo akafariki. Pückler hakuwepo. Alikuwa Berlin, kwa Lucie. Kaburi la Machbuba bado lipo karibu na kanisa la mji, na watu hulitembelea mpaka leo.

Madeni hayakwisha, na mwaka 1845 Pückler aliiuza Muskau. Bustani hiyo sasa iko nchi mbili, kwa kuwa baada ya vita vilivyoisha mwaka 1945 mto Neisse ulifanywa mpaka, na sehemu kubwa zaidi iko Poland. Mwaka 2004 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia.

Yeye alihamia Branitz, karibu na Cottbus, akaanza bustani nyingine akiwa na umri wa miaka 60. Kwa kumbukumbu ya Misri alijenga piramidi za udongo, moja katikati ya ziwa alilolichimba mwenyewe. Udongo wa shimo ndio uliopanda kuwa piramidi. Imeota majani pande zote, na msimu wa vuli hugeuka nyekundu. Lucie alifariki huko Branitz mwaka 1854, akazikwa makaburini pa kijiji. Pückler alifuata Februari 1871. Kuchoma maiti kulikuwa hakuruhusiwi, kwa hiyo aliagiza moyo wake uyeyushwe kwa asidi, na mwili uwekwe katika chokaa na dawa kali nyingine, ndipo azikwe ndani ya piramidi ya ziwani. Mwaka 1884 masalia ya Lucie yalitolewa kijijini, yakavushwa ziwa na kuwekwa humo pamoja naye, miaka 58 baada ya talaka yao.