Kadi ya mjomba, alama za mpwa

"Hii usiitumie. Iweke tu." Ndivyo mjomba alivyomwambia mpwa wake jikoni kwake, Columbus, Ohio, akimkabidhi kadi ya krediti yenye jina la kijana mwenyewe. Kijana alikuwa na miezi minne tu Marekani. Hakuelewa kadi isiyotumika ina faida gani, ila mkubwa akikupa kitu unapokea na kushukuru.

Faida ilikuwapo. Historia yako ya mikopo ya Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida haikufuati Marekani. Mashirika matatu yanayotunza kumbukumbu za mikopo huko, Equifax, Experian na TransUnion, yanakuona kama mtu aliyezaliwa jana. Alama za mikopo za kampuni ya FICO, zinazoanzia 300 hadi 850, hazitoki bila akaunti yenye umri wa miezi sita au zaidi. Ukiandikishwa kuwa mtumiaji aliyeidhinishwa kwenye kadi ya mtu, akaunti hiyo huingia kwenye faili lako na umri wake wote, kikomo chake, salio lake na rekodi ya malipo. Mjomba alikuwa na kadi hiyo kwa miaka tisa. Mpwa akavaa miaka tisa asiyoiishi. Na deni si lake: benki inamdai mjomba peke yake.

Mlango huu una historia. Sheria ya 1974 ya usawa katika mikopo, pamoja na kanuni zake, ililenga kumwondolea mke adha ya kulipa kadi ya mumewe miaka nenda rudi halafu aonekane hana rekodi. Baadaye wajanja wakaanza kuwauzia watu wasiowajua nafasi kwenye kadi zao. Mwaka 2007 FICO ikatangaza kwamba toleo lake jipya halitahesabu kabisa akaunti za namna hii. Mwaka uliofuata ikarudi nyuma, ikasema itazihesabu lakini itawabana wafanyabiashara hao.

Basi Juni mjomba akakata tiketi za familia kwenda Dar: dola 5,200, kwenye kadi yenye kikomo cha dola 6,000. Akalipa zote kabla ya tarehe ya mwisho, kama kawaida yake. Mwezi huohuo mpwa akaomba nyumba ya kupanga na kukuta alama zake zimeporomoka. Kosa la nani? Si la mtu. Kwa kawaida benki hupeleka salio la siku stetimenti inapofungwa, nayo hufungwa wiki tatu hivi kabla ya tarehe ya kulipa. Siku ile kadi ilisomeka imetumika karibu asilimia 87. Katika hesabu ya FICO, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Mjomba alishinda la kwanza, wakaanguka wote wawili kwenye la pili.

Salio likishuka, alama hupanda tena mwezi unaofuata. Kuchelewa kulipa siku 30 ni balaa nyingine, maana doa hilo hudumu miaka saba. Hapo mpwa ana njia ambayo mwenye kadi hana: anaweza kuomba aondolewe, na akaunti itoke kwenye faili lake. Itatoka na ile miaka tisa pia.

Kwetu kugumu ni kuuliza. Kwenye upatu kila mtu anajua nani hajatoa, lakini utamuulizaje mjomba anadaiwa kiasi gani? Mimi naona usiulize deni, uliza tarehe: "Shikamoo mjomba, stetimenti inafungwa lini?" Uliza pia kama benki yake huripoti watumiaji walioidhinishwa, kwa sababu si zote zinazofanya hivyo.

Siku hizi mjomba analipa tarehe 12. Stetimenti inafungwa 15. Mpwa amejichukulia kadi yake ya dhamana, ameweka dola 300 benki, ananunulia petroli tu. Ile ya mjomba iko kwenye droo, bado imebandikwa kwenye barua iliyokuja nayo.