Kompyuta Iseme Imeona Nini

Katika kilabu chetu cha kompyuta kuna swali ambalo haliishi: kwa nini mtunzi wa programu ajisumbue siku nyingi kurekebisha ujumbe wa mistari michache tu, tena ujumbe unaotokea mambo yakienda mrama? Wenzangu wengine husema hayo ni mapambo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na nitaeleza sababu kwa kutumia programu iitwayo Git.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili, 2005. Kazi yake ni kuhifadhi historia ya maandishi, hasa ya programu, ili ukiharibu kazi leo uweze kuirudia ya jana. Ndani ya ghala lake mna vitu vya aina nne. Blobu ni yale yaliyomo katika faili moja. Trii ni orodha ya faili na folda. Komiti huonyesha jinsi kazi nzima ilivyokuwa wakati fulani, pamoja na jina la aliyeihifadhi na maelezo yake. Tagi nayo ni kama muhuri unaogongwa juu ya toleo fulani.

Kila kitu hupewa jina lake, ambalo kwa kawaida lina herufi na tarakimu 40. Sasa nani ataziandika zote hizo? Ndiyo maana Git hukubali mwanzo wa jina, mradi usipungue alama nne. Hapo ndipo matata huanza. Alama zenyewe ni za namna 16 tu, kwa hivyo alama nne haziwezi kutoa mianzo zaidi ya 65,536. Mradi ukiwa na vitu vingi kuliko hivyo, lazima vingine vishiriki mwanzo mmoja.

Hebu fikiria mwalimu anaita "Wanjiru!" gwarideni, wanasimama watatu: mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kiranja na mpishi. Zamani Git ilikuwa ikisema tu kwamba jina hilo fupi lina utata, basi, ikanyamaza. Ni sawa na kumwambia mwalimu, "Wanjiru ni wengi," kisha ukaenda zako!

Katika toleo 2.11 la mwaka 2016, Git ilianza kuorodhesha vitu vyote vyenye mwanzo huo na kutaja aina ya kila kimoja. Komiti ilionyeshwa pamoja na tarehe na kichwa cha maelezo yake. Mabadiliko hayo yalifaa sana, lakini watunzi hawakubweteka. Aina zilikuwa zimechanganyikana ovyo kama nguo za mtumba. Toleo 2.18 la mwaka 2018 likazipanga: tagi kwanza, kisha komiti, trii na mwisho blobu. Katika toleo 2.36 la mwaka 2022, tagi nazo zikaongezewa tarehe.

Je, hayo ni mapambo? Chukua mtu anayetafuta kazi yake ya wiki iliyopita huku jasho likimtoka. Akiambiwa "kuna utata" atabaki kubahatisha. Lakini akiona vitu vitatu, kimoja trii, kingine blobu, na cha tatu komiti yenye tarehe anayoikumbuka, atajua mara moja pa kwenda. Kompyuta ilikuwa na habari hizo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia izitoe, na wengine wa kuja baadaye kuzinyoosha.

Aidha, jambo hili si la kompyuta pekee. Sisi wanafunzi tunaijua ile alama nyekundu ya kosa katika insha. Hukuambia umepotea, basi. Mwalimu akiandika kando, "Hiki ni kirai, si sentensi," amekutajia alichokiona na alichokitarajia. Insha ya pili itakuwa afadhali.

Kwa hivyo wenzangu mnaojifunza kutunga programu, msiridhike na "kuna kosa". Semeni mmeona nini. Kisha someni tena ujumbe huo kwa jicho la mtu aliyekwama.