Fuvu Limepatikana, Mazishi Je?

Septemba 2023, taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, inayosimamia makumbusho makubwa ya Berlin, ilitoa habari iliyopanda hadi vijiji vya Kilimanjaro: mafuvu matatu yaliyochukuliwa huku enzi za ukoloni yalikuwa yamepatiwa ndugu walio hai.

Kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa. Mradi ulioanza mwaka 2017 ulichunguza mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, 202 kati yake yakitoka Tanzania. Yamo yale ya mkusanyiko wa Felix von Luschan, mtaalamu aliyewaomba maofisa na madaktari wa koloni wampelekee vichwa vya watu ili avipime. Ni mafuvu manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kutafutia wazao. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Neno hilo ndilo lililoelekeza watafiti kwa ukoo wa mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Old Moshi. Mate ya wazao yakachukuliwa, vinasaba vikapimwa, vikalingana. Mafuvu mengine mawili yalikaribiana sana na ukoo wa Molelia.

Mangi Meli ndiye aliyewashinda Wajerumani mwaka 1892, kabla ya wao kurudi na nguvu zaidi mwaka uliofuata. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Tsudunyi, Old Moshi, pamoja na viongozi wengine; jumla walikuwa watu 19. Wazee wamesimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mnyaka Sururu Mboro alipoondoka Kilimanjaro kwenda kusoma huko mwaka 1978, bibi yake alimwagiza akitafute akirudishe. Miaka mingi kabla maabara haijapima chochote, agizo la mradi huu lilikwisha kutolewa na bibi.

Ukilisikiliza agizo hilo vizuri, utaona kwamba bibi hakumtuma mjukuu akathibitishe. Alimtuma akalete. Mradi wa Berlin ulipangwa kujibu swali la asili ya mafuvu, na ulilijibu kwa uaminifu. Lakini majibu yalipotoka, taasisi ikasema iko tayari kurudisha, na safari yenyewe ikabaki kusubiri mazungumzo ya serikali mbili. Huku mlimani, matokeo ya kipimo yalipokelewa kama taarifa ya msiba.

Na msiba Uchaggani una utaratibu wake. Mtu akifia Dar es Salaam, jioni hiyohiyo kamati inakaa: nani mweka hazina, gari la kupandisha mwili linatoka lini, kaburi linachimbwa upande gani wa kihamba, yaani shamba la ukoo, nani atahubiri, wageni watakula nini. Zamani, baada ya miaka kadhaa, mifupa ya mzee ilifukuliwa, na fuvu lake likawekwa migombani mahali palipooteshwa mimea ya masale. Jani hilohilo la isale ndilo mtu hulipeleka kwa aliyemkosea anapoomba msamaha. Ukoo unaoambiwa fuvu la babu limeonekana unaanza kuuliza maswali ya kamati mara moja, na unastahili kujibiwa.

Swali la nani apokee nalo ni zito. Umangi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Serikali huzungumza na serikali, makumbusho na makumbusho. Ukoo hauna kiti rasmi kwenye meza hiyo, ingawa mate yaliyotoa ushahidi ni yake. Mjukuu wa Mangi Meli naye alitoa yake, na fuvu la babu yake halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa. Kwa watafiti, hilo ni jibu kamili. Kwa mzee anayesubiri kuzika, ni mlango uliofungwa, na mpango mzuri ungekuwa umeandaa mtu wa kuketi naye siku hiyo.

Miradi ya aina hii itaendelea, maana mafuvu bado ni mengi. Ninaomba ipangwe kuanzia kaburini kurudi nyuma. Kabla ya kuchukua tone la mate, wazee wa ukoo, kanisa, wilaya na Makumbusho ya Taifa wakubaliane nani atapokea na atazika wapi. Gharama za kusafirisha na kuzika ziandikwe kwenye bajeti ileile inayolipia maabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha akiolojia tangu 1985, kipeleke wanafunzi vihambani kuandika majina, koo na sehemu za makaburi wakati wanaozijua bado wapo. Taarifa ya mwisho isomwe kwa Kiswahili mbele ya ukoo kabla haijasomwa kwenye mkutano wa wanahabari.

Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kumtambua Akida baada ya zaidi ya miaka mia moja. Kilichobaki hakihitaji maabara: kinahitaji tarehe ya safari, saini za serikali mbili, na ukoo uliopewa nafasi ya kuzika wake.