Nyumba ya Kwanza Matasia: Udongo na Maji Kabla ya Rangi

Familia nyingi zinazonunua nyumba ya kwanza Matasia, kando ya barabara inayotoka Ngong kwenda Kiserian, huhamia zikiwa zimekwisha kumaliza akiba, na kidogo kilichosalia hukimbilia vigae vya sebuleni, makabati ya jikoni na rangi, yaani vitu ambavyo mgeni huviona kwanza. Mpangilio huo wa matumizi unastahili kugeuzwa, kwa kuwa katika Kaunti ya Kajiado nyumba husumbuliwa zaidi na udongo ulioibeba na maji, yawe yamezidi au yamekosekana, na ukarabati usioanzia hapo hulipiwa mara mbili.

Chini ya Vilima vya Ngong udongo hubadilika ndani ya mwendo mfupi: ploti moja huwa na udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, na nyingine isiyo mbali nayo ikawa na udongo mweusi wa pamba, ule ule uliotanda katika nyanda za Athi-Kapiti ambako mji wa Kitengela umejengwa. Udongo huo una aina ya mfinyanzi iitwayo montimorilonaiti, ambayo hunyonya maji na kuvimba wakati wa masika, kisha hunywea na kupasuka kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa huinuliwa na kushushwa mwaka baada ya mwaka, tena si kwa usawa, kwani udongo wa kingoni mwa msingi hulowa na kukauka upesi kuliko ule wa katikati uliofunikwa na sakafu.

Nyufa za kuta husimulia habari hiyo kwa anayejua kuzisoma. Ufa mwembamba ulio kwenye plasta pekee mara nyingi hutokana na plasta yenyewe kukauka. Unaostahili kuogopwa ni ule unaopanda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, ukifuata viungo vya mawe na kupanuka kadiri unavyoendelea. Mwenye nyumba atie alama ya kalamu katika ncha zote mbili za ufa, aandike ukutani tarehe na upana wake, kisha apime tena mvua zinapokwisha na jua linapokolea. Ufa unaosogea humhitaji mhandisi wa majengo, na kuusiliba kwa saruji ni kupoteza fedha, maana utafunguka palepale msimu unaofuata.

Kinachosaidia sana, na kwa gharama ya wastani, ni kuzuia unyevu usipande na kushuka kando ya msingi. Kwa hiyo mifereji ya paa, ambayo mafundi huiita gata, ifungwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Zege limwagwe kuizunguka nyumba kwa upana wa mita 1 hivi, likiinamia nje. Mabomba yanayovuja yatengenezwe. Na mikaratusi isipandwe karibu na ukuta, kwa sababu mizizi yake hufyonza maji mengi. Anayetaka kuongeza chumba auchimbe udongo mweusi wote hadi afike kwenye mwamba au moramu ngumu, na kabla ya jembe kuingia aombe kibali cha kaunti, kinachotakiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Gata hizo pia huleta maji nyumbani. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 ya paa hutoa lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 50 juu ya mabati ya mita mraba 100 hutoa lita 5,000, na hata sehemu moja ya tano ikipotea, lita 4,000 huingia tangini. Maji hayo yana thamani nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Visima virefu vya eneo la Bonde la Ufa na pembezoni mwake, ambako miamba ni ya volkano, mara nyingi huwa na floraidi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na floraidi ikabaki. Mkaa wa mifupa, uliotumika kwa miaka mingi Nakuru, huipunguza, na vivyo hivyo mitambo inayosukuma maji kupitia utando mwembamba. Kupima maji ya kisima katika maabara kunapaswa kutangulia ununuzi wa makabati, hasa katika nyumba yenye watoto wasiotimiza miaka 8, kwa sababu meno yao ya kudumu bado yanaumbika ndani ya ufizi, na madoa ya kahawia yanayoingia wakati huo hayatoki kwa kupiga mswaki.